Mfungo wa Maman Élise

Mtu anayekaa Panda, mtaa wa mji wa Likasi, na hajawahi kula chakula cha mkono wa Maman Élise, ama amehamia juzi ama ana bahati mbaya. Kwa miaka mingi mama huyo alipika katika kantini ya sosiete, yaani kampuni, moja ya kandarasi, ile iliyokuwa ikitengeneza mashine za watu wa shaba. Mainjinia walifika na masanduku ya vyakula vya kopo kutoka kwao, na baada ya juma moja masanduku yalikuwa yamesahauliwa chini ya vitanda. Bukari yake, yaani ugali, ilikuwa laini, haina donge hata moja. Na tomson, yule samaki wa barafu ambaye kila nyumba ya Likasi inamjua mpaka inamchoka, akipita katika sufuria ya Élise alitoka mtu mwingine.

Usidhani nasifia malaika. Élise ana mdomo. Ukimletea nyanya zilizooza atakutangaza mpaka barabara ya pili, na mumewe Blaise ameshazoea kugombezwa akiwa amelala. Ila kuna jambo moja ambalo hata maadui zake hawakumnyima: hakuwahi kutoka na chakula cha sosiete bila ruhusa. Mkate uliobaki aliuomba kwa chef, mkubwa wa kazi, akaubeba mikononi mbele ya sentineli wa langoni, kila mtu auone. Na mkate huo, nusu yake ulikwenda kwa watoto wa Jaël.

Jaël alikuwa jirani yake, nyumba ya tatu. Mumewe alikwenda Kolwezi kuchimba, akasema atarudi baada ya majira ya mvua, na mvua zimenyesha mara nyingi tangu hapo. Watoto wake walikula kwa Élise siku za njaa, na siku za shibe pia, maana mtoto akishajua mlango hahesabu siku. Mama yake Élise alipokufa, Jaël ndiye aliyemfunga kitambaa kichwani, akalala naye chini kwenye mkeka mpaka kilio kikaisha. Alimwita Élise yaya, yaani dada mkubwa, na Élise aliitika. Mtu wa namna hiyo humwekei mlango.

Halafu kazi ikasimama. Bei ya shaba sijui ilifanya nini huko inakopangwa, sosiete ikafunga chantier, yaani eneo la kazi, wafanyakazi wakalipwa haki zao za mwisho na kuambiwa kwaheri. Bwana Mukendi, mkubwa wa wafanyakazi, mtu wa shati jeupe na maneno machache, alimwita Élise mbele ya wenzake.

"Maman Élise," akasema, "chantier ikianza tena, weye njo wa kwanza tutaita. Hii cuisine ni yako."

Neno hilo, kwamba jiko ni lake, Élise aliliweka moyoni kama watu wanavyoweka hati ya nyumba. Akaanza kukaanga mikate na kuiuza kando ya barabara. Blaise alikuwa na kazi yake ya kuchomelea vyuma uani, kazi nzuri siku za umeme. Umeme ukikosekana alikaa kwenye kiti akiwasimulia wapita njia jinsi alivyowahi kufanya kibarua Koni, kwenye mitambo ya umeme ya mtoni, kana kwamba mto wenyewe aliuchimba yeye. Walikula, lakini walikula wakingoja. Kila pikipiki iliyosimama mbele ya parsele yao, yaani kiwanja chao, Élise alifuta mikono akidhani ni mjumbe wa sosiete.

Jumatano moja mchana, mikate ikiwa katika mafuta, simu ikalia. Élise akasoma ujumbe, akausoma tena, akaacha mikate iungue.

"Blaise! Kuya uone. Sosiete inanilipa tena."

"Inakulipa nini? Balisha kukulipa yote."

"Njo ile nasema. Ni salaire ya mwezi muzima, sawa niko nabapikia."

Blaise akaichukua simu, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Kisha akacheka kicheko kirefu cha mtu aliyeshinda kesi.

"Basi Mungu anatupenda," akasema. "Kosa ni yabo, franga ni yetu. Tununue mabati. Ile fasi inavuja juu ya kitanda, mvua ikikuya tunalala tumesimama."

"Ni franga ya batu, Blaise."

"Batu gani? Bale balikutoa ku kazi?"

"Sikia. Bakinikuta nimekula ile franga, cuisine inaenda. Balisema bataniita wa kwanza. Unataka nikose kazi juu ya mabati?"

Blaise akatazama juu, mahali pa kuvuja. Hapo ndipo palipokuwa na uzito wote. Si mshahara wa mwezi mmoja. Ni jiko lile, na jina lililokwenda nalo. Mwanamke wa umri wake, bila diploma, angepata wapi kazi nyingine ya kuingia asubuhi na kutoka jioni na kuitwa maman na watu wenye suruali zilizopigwa pasi? Élise alijua hivyo, na aliamua pale pale: kesho asubuhi ataoga, atavaa vizuri, atakwenda kwa Bwana Mukendi kumwambia mmekosea, chukueni chenu.

Laiti angekwenda saa ile ile, na mafuta mikononi. Lakini ilikuwa Jumatano, na Jumatano jioni nyumba ya Élise ni nyumba ya maombi.

Kikundi chao wanakiita selile. Ni watu wachache wa kanisa moja wanaokaa jirani, na hukutana sebuleni kwa Élise kabla jua halijazama. Anayekiongoza ni Papa Tshimanga, mzee wa kanisa, fundi wa baiskeli, mpole, mzito wa masikio kidogo. Utaratibu wao ni huu: kila mmoja anatoa sujet, yaani jambo linalomlemea, analisema wazi bila kuficha, kisha mwenzake mmoja anasema "minye naibeba", yaani mimi nalibeba, na juma hilo anafunga na kuomba kwa ajili ya jambo hilo kama ni lake. Na linalosemwa mle haliruhusiwi kuvuka kizingiti. Watu wamewahi kusema mambo mazito mle ndani, ya ndoa, ya ugonjwa, ya watoto waliopotea, na mtaa haukusikia kitu. Sebule ile ilikuwa na sifa hiyo, na Élise alijivunia.

Basi zamu yake ilipofika, akasema yote. Pesa iliyoingia. Kicheko cha Blaise na maneno yake, kosa ni yabo, franga ni yetu. Na kwa kuwa alifundishwa kwamba sala yenye nusu ya ukweli haifiki mbali, akaongeza na lake mwenyewe.

"Hata minye," akasema, "roho yangu ilipenda. Kidogo tu. Niliona mabati mapya juu ya nyumba. Mungu anisamehe. Nataka kurudisha, lakini naogopa. Muniombee nisipoteze kazi yangu."

"Amina," wakasema.

"Minye naibeba ile ya yaya Élise," akasema Jaël, kabla mtu mwingine hajafungua mdomo.

Walipotoka, Jaël alibaki mlangoni. Élise akamwambia mpango wake: kesho asubuhi, kwa Mukendi, moja kwa moja.

"Kesho?" Jaël akamshika mkono. "Apana, yaya. Ulisha kuipeleka ku Mungu, sasa unamupita mbele? Tufunge kwanza siku tatu, weye na minye. Mungu alainishe roho ya ule chef. Lundi njo utaenda, na roho safi."

"Bakivumbua mbele ya lundi?"

"Banavumbua nini? Bale hata hesabu yabo habajue. Njo maana balikulipa." Wakacheka wote wawili. Élise anakumbuka kicheko kile zaidi ya mambo mengine yote. Walicheka wameshikana mikono.

Akafunga. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, bila kula wala kunywa mpaka jua lizame. Ni rahisi kusema mtu akifunga akiwa amelala nyumbani. Yeye alisimama mbele ya karai la mikate tangu asubuhi, harufu ikimpanda puani, watoto wa shule wakitafuna mbele yake, na midomo ikimkauka. Ijumaa asubuhi alimwona Jaël akipita amevaa kitenge chake cha harusi, kile cha maua makubwa, na viatu.

"Na hii kuvaa, mudogo? Unaenda wapi?"

"Ku dispensaire, yaya. Kichwa inaniuma. Ni hii njaa."

Élise akamhurumia. Akamwambia kama inazidi, avunje mfungo, yeye mwenyewe atafunga kwa wote wawili. Ndivyo alivyosema, masikini, na alimaanisha.

Lundi ikafika, yaani Jumatatu, akavaa vizuri. Blaise alikuwa bado amenuna kwa ajili ya mabati, lakini alimpigia viatu rangi. Langoni sentineli alimpokea kwa haraka isiyo ya kawaida.

"Maman Élise! Chef anakungojea."

Moyo wa Élise ukaruka. Anangojea! Akadhani Mungu amejibu mapema, akadhani chantier imefunguliwa na siku ya kuitwa ndiyo hii. Akavuka ua karibu anakimbia, na alipopita jikoni kwake aliona mlango u wazi na sakafu imepigwa deki. Akazidi kufurahi.

Bwana Mukendi hakumwambia keti.

"Nilikuwa nafikiri hautakuya," akasema.

"Chef, nimekuya juu ya ile franga. Mulinilipa mwezi yenye sikutumika kazi. Ni kosa, njo nimeirudisha." Alikuwa ameshaitoa yote kwenye simu, iko katika bahasha, haijapungua hata noti.

"Najua. Tangu vendredi najua." Tangu Ijumaa! Mukendi akaisogeza bahasha pembeni bila kuifungua. "Iliingia mercredi. Leo ni lundi. Ulikuwa wapi nayo?"

"Nilikuwa nafunga, chef. Tulikuwa tunaomba."

Mukendi akacheka kwa pua.

"Mu Likasi muzima, kila mutu mwenye anakamata franga ya mutu, utasikia anaomba." Kisha akaegemea kiti. "Bwana yako anasema kosa ni yetu, franga ni yenu. Na weye, roho yako ilipenda. Kidogo tu. Mabati, si ni vile?"

Yalikuwa maneno ya Élise mwenyewe. Kuyasikia maneno yake ya sala yakitoka katika kinywa cha mwanaume yule, neno kwa neno, mpaka lile "kidogo tu", kulikuwa kama kukuta nguo zake za ndani zimeanikwa sokoni. Hasira haikuja kwanza. Ilikuja aibu, ikampanda mpaka masikioni.

"Nani alikuambia?"

"Mutu wa Mungu. Maman Jaël. Alikuya hapa mwenyewe, na machozi. Alisema roho yake haikupata amani kukuona unakula franga ya sosiete."

"Sikuila, chef. Iko pale. Hesabu."

"Tutahesabu. Caissier atakupa reçu." Akaanza kupanga karatasi zake. "Chantier inaanza juma hii. Tulikuwa tunatafuta mutu wa kuamini ku cuisine."

Élise akasogea karibu na meza.

"Maman Jaël alisema weye njo ulimufundisha kupika," akasema Mukendi.

"Chef, minye siko mwizi."

"Hakuna mutu alisema mwizi, maman."

Na ndivyo wakubwa wanavyokuita mwizi, kwa adabu, huku wameshika mlango. Élise alipewa reçu yake, yaani risiti, akaikunja, akaondoka. Jikoni hakuangalia tena.

Njiani alikuwa akizungumza peke yake, na watu wakimpisha. Machozi hayakutoka. Alikuwa akipiga hesabu nyingine kabisa: mkeka wa kilio, mikate iliyopita mbele ya sentineli, watoto waliolala kwake walipokuwa na homa, harusi za kanisa alikomsimamisha Jaël pembeni ya sufuria na kumwonyesha, geuza hivi, subiri, sasa mimina. Angeweza kumsamehe mtu aliyemchongea kwa hasira. Watu hugombana, hutapika maneno, yakaisha. Lakini huyu alikaa akapanga. Alimzuia mlangoni kwa mkono laini, akampa njaa ya siku tatu ili apate nafasi ya kupita mbele. Na jina la Mungu ndilo lililokuwa kufuli. Hapo ndipo Élise alipojisikia mjinga, na kujisikia mjinga kunauma kuliko kuibiwa.

Blaise alipoambiwa, alisimama na kutafuta shati.

"Kaa," akasema Élise.

"Niende nimuulize tu."

"Kaa, Blaise. Atakuya mwenyewe. Selile ni yake pia."

Blaise akakaa. "Basi tungenunua mabati," akasema, na alipomtazama mkewe usoni akajuta kusema.

Jumanne Jaël hakupita. Watoto wake walikuja kama kawaida, Élise akawapa mikate. Yule mdogo akasema mama amepewa blause nyeupe ya jikoni. Élise akamwambia ale asiongee.

Jumatano jioni sebule ikajaa. Élise alikuwa amefagia na kupanga viti, kwa sababu hakujua mtu hufanya nini kingine Jumatano. Jaël akaingia wa mwisho, akasalimia wote kwa pamoja, "Bwana asifiwe", akakaa karibu na dirisha. Alikuwa amesukwa nywele upya. Hakumtazama Élise, wala hakuonekana kama mtu anayeogopa. Labda alishajieleza moyoni mpaka akajiamini. Wapo watu wenye kipaji hicho.

Papa Tshimanga alipouliza kama kuna mwenye ushuhuda, Jaël akasimama.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Bandugu, munajua mateso yangu. Bwana yangu alikwenda, batoto banalia njaa. Juma yenye imepita nilifunga siku tatu. Na Mungu, mwenye hasahau mujane wala mwenye aliachwa, amenifungulia mulango. Nimepata kazi ku cuisine ya sosiete!"

Wakapiga makofi, wote isipokuwa wale wawili watatu walioanza kupiga wakakumbuka, wakamtazama Élise, wakaiacha mikono hewani. Papa Tshimanga hakukumbuka kitu. Alifurahi tu, mzee wa watu, machozi yakamlengalenga. Na desturi ya selile ni kwamba mwenye nyumba ndiye anayefunga ushuhuda: anaweka mkono juu ya kichwa cha aliyebarikiwa, anamwombea.

"Maman Élise," akasema mzee, "fungia dada yetu hii baraka."

Uani Blaise alizima mashine yake.

Élise akainuka. Akavuka sebule polepole, akaweka mkono juu ya nywele zile mpya. Wote wakafumba macho wakingoja aanze. Yeye hakuyafumba.

"Jaël," akasema. Si kwa ukali. "Vendredi, siku ulienda kule. Ulikuwa umefunga?"

Élise hakuondoa mkono.

"Nakuuliza mbele ya ule mwenye tunaomba. Minye nilifunga juu weye ulinifungisha. Na weye? Ulifunga?"

Jaël alikuwa ameinamisha uso, macho yamefumbwa kwa nguvu kama mtoto anayetaka asionekane. Angeweza kusema ndiyo. Nani angembishia? Labda mkono ule juu ya kichwa, mkono alioujua, ndio uliomshinda.

"Balinipa chai," akasema kwa sauti ndogo. "Na mukate. Chef alinisogezea sahani, yaya. Ningefanya namna gani?"

Élise aliondoa mkono wake, akaufuta kwenye kitenge.

"Amina," akasema Papa Tshimanga, aliyekuwa hajasikia vizuri, na hakuna aliyemwitikia.